Viti Vinavyotazama Ukuta

Mama alikuwa anashona akiwa ameipa barabara mgongo. Fundi yeyote atakuambia hiyo ni hasara. Mwanga unatoka barabarani, wateja wanatoka barabarani, na anayeshona uso ukutani anapitwa na vyote viwili. Lakini ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na kibaraza chetu, kulikuwa na duka lenye milango miwili ya bluu ambalo Baba alilijenga kwa mikono yake, na Mama hakutaka kuliona.

Siku hizo lilikuwa stoo ya saruji ya Baba Mkubwa.

Tulikuwa tumetoka kumzika Baba, hata macho hayajakauka, Baba Mkubwa alipokuja na vijana wake wakaanza kutoa cherehani zetu nje ya duka lile. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alikaa mlangoni, akaziba njia kwa mwili wake. Baba Mkubwa hakumgusa. Alisema tu, kwa upole, kama abiria anayetaka kushuka kwenye basi, "Shemeji, pisha. Kuna watu wana kazi." Mama hajawahi kuyarudia maneno hayo mbele yangu, lakini najua anayo. Gurudumu la cherehani yake kubwa lilishika kutu tangu siku ile. Mafuta ya mashine tunayo, na msasa tunao. Kutu ile hajawahi kuigusa.

Kwa hiyo chama kilipotangaza kura za mchujo za kumpata mgombea wa udiwani, na Baba Mkubwa akaonekana akichukua fomu huku anapigiwa makofi, Mama aliweka mkasi chini, akajifuta nyuzi kwenye gauni, akaenda kuchukua yake.

"Sera zako zipi?" walimuuliza ofisini.

"Mtaziona," alisema.

"Sera yake iko ng'ambo ya barabara," Mpiga Pasi aliniambia baadaye. Huyo ni mzee tunayefanya naye kazi, mwenye pasi ya mkaa na mdomo usio na breki.

Mgombea wa tatu alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke mpole ambaye watu wote walimwita Sista, hata wale ambao hawajawahi kuugua. Na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Waliochoshwa na Baba Mkubwa walikuwa wengi kuliko waliomtaka, ila walikuwa wamegawanyika katikati kama kitambaa kilichochanika, nusu kwa Sista, nusu kwa Mama.

Sista mwenyewe ndiye aliyekuja kulisema. Alikaa kwenye benchi la wateja na sare yake nyeupe, akakataa soda, akaomba maji.

"Dada, mmoja wetu akikaa pembeni, yule mtu haamki."

"Basi kaa pembeni wewe," Mama alisema bila kusimamisha mashine.

"Ningekaa. Ila watu wangu hawatakufuata. Wanasema hutaki udiwani, unataka kumkomoa shemeji yako tu."

"Wamekosea wapi?"

Mpiga Pasi alicheka mpaka akasahau pasi juu ya kola ya mtu. Tukasikia harufu ya kuungua, akaanza kutukana mkaa.

Sista alingoja kicheko kiishe. "Akianguka si ameanguka, dada? Mimi nikimwangusha, wewe si utafurahi vilevile?"

Hapo Mama aliinua mguu kwenye pedali. "Sista, umeshawahi kumtibu mtu kwa kumpa mwenzake dawa ameze?"

"Hapana."

"Ndiyo hivyo. Nataka aamke asubuhi ajue ni mimi. Siyo wewe, siyo chama. Mimi, mke wa mdogo wake, niliyelowa mvua."

Sista alimaliza maji yake taratibu, akaniangalia mimi kana kwamba ningesaidia. Nilikuwa natia vifungo. Nimesomea ukutubi chuoni, kazi ambayo mtu analipwa kwa kunyamaza, na hata hiyo sijaipata. Nilikubaliana na Sista kwa kila neno. Nikainama kwenye vifungo vyangu.

Naomba nisieleweke vibaya. Mimi naonea huruma hata mbuzi aliyesahauliwa juani. Lakini Baba Mkubwa nilikuwa namwota. Katika ndoto anaanguka kwenye ngazi, na mimi nimesimama chini, nimekunja mikono, sisogei.

Kesho yake alikuja mwenyewe. Gari lake liliegeshwa karibu mno na kibaraza, akashuka, akasimama nyuma ya Mama. Wateja walikuwepo, na wapita njia walipunguza mwendo.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," nilisema.

Akageuza shingo huku na huku. "Nani kaongea? Au ni mbu?"

Watu wakacheka. Hufanya hivyo kila mara tangu nikiwa mdogo.

"Sema kwa sauti, binti yangu. Chuo kizima kile walikufundisha kunong'ona?"

Nikarudia. Sauti ikatoka ndogo kuliko ya kwanza.

"Marahaba," alisema, kisha akaugeukia mgongo wa Mama. "Shemeji, nimekuja kama ndugu. Jitoe. Siasa siyo kukunja pindo. Utajiaibisha, na marehemu utamwaibisha huko aliko."

Mama hakugeuka. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi sogea. Unanitia kivuli kwenye kitambaa."

Akaondoka anacheka, akipeana mikono na kila aliyenyoosha mkono. Mama alikanyaga pedali kwa hasira mpaka uzi ukakatika, akautia tena, ukakatika tena.

"Sasa ndiyo sijitoi," alisema. "Hata nikifa, mtanibeba mkanikalishe kwenye kile kiti."

Kiti alichokitaja kinahitaji maelezo. Katika tawi letu siku hizo kura haikupigwa kwa karatasi. Baba Mkubwa ndiye aliyesimama kwenye kikao akadai masanduku yanachezewa, afadhali kila mwanachama asimame nyuma ya mgombea wake, mstari mrefu ndio mshindi. Kila mtu alielewa kwamba anataka kuwaona wanaomkataa kwa sura zao. Wengine wakapambana mpaka wakapata nusu ya haki: wagombea wakae kwenye viti vinavyotazama ukuta wa darasa, na atakayegeuka kabla ya hesabu kwisha, anaondolewa. Kulikuwa pia na kanuni ya zamani, nayo ya Baba Mkubwa, kwamba mgombea anaweza kujitoa wakati wowote kabla ya filimbi ya kuhesabu, na watu wake wakaenda watakako. Aliitunga enzi zile alipokuwa akiwamaliza wapinzani palepale uwanjani, kwa mazungumzo mafupi ya pembeni.

Siku mbili kabla ya kura, Mama alikwenda kuchukua vipimo vya sare shuleni, Mpiga Pasi akaenda kutafuta mkaa. Akaja dereva wa lori la Baba Mkubwa, suruali imechanika makalioni. Nikampa kitenge ajifunge, akakaa nyuma ya pazia, nami nikaanza kuweka kiraka. Watu husahau kwamba nipo. Dereva naye alisahau. Simu yake ikaita.

"Ndiyo, Jumapili. Wewe beba mtaa wa mafundi wote. Bure, kwenda na kurudi... Bosi anataka mstari wa fundi uwe mrefu. Siyo wa kwake, mjinga wewe, wa fundi! Agawane na Sista vizuri... Upande wa zahanati? Huko lori lako limeharibika. Limeharibika kuanzia sasa, umenielewa?" Akacheka kwa muda mrefu. "Unafikiri juzi alikwenda kumwambia ajitoe kwa sababu gani? Yule mama ukimwambia kaa, anasimama. Bosi anamjua kama mfuko wake wa suruali."

Sindano ilinichoma kidole, nikakinyonya. Kiraka nilikimaliza, na nilikishona vizuri, maana suruali haikuwa na kosa. Dereva akavaa, akainama kujaribu, akanisifu.

Mama aliporudi, nilisimama nyuma yake. Mgongo wake ni rahisi kuongea nao kuliko uso. Nikamwambia yote, neno kwa neno, hata lile la mfuko wa suruali.

Alikuwa anachomoa bandi kwenye koti la mteja. Bandi ni ule uzi mweupe wa mishono mirefu ambao fundi anashikizia nguo kabla ya kuishona. Aliendelea kuuvuta kidogo kidogo. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Anatuchezea, Mama," nilisema. "Ukibaki kwenye kiti kile, ndiye anayekukalisha."

"Nani mwingine amesikia?"

"Mimi tu."

"Usimwambie mtu. Sista pia usimwambie."

"Lakini Mama..."

"Nimesema usimwambie mtu. Na watu wetu waache wapande lori. Miguu yao ipumzike."

Nikajua kiburi kimemshinda. Nilimkasirikia, na nilimwonea huruma, na nilimchukia Baba Mkubwa zaidi kwa kumjua mama yangu vizuri kiasi kile. Siku iliyofuata Sista alipita tena, akasimama barabarani bila kuomba benchi. Mama akamwambia, "Tutaonana uwanjani." Sista akaitikia kwa kichwa, akaenda zake mabega yameshuka.

Jumapili lori lilikuja limeoshwa likang'aa kama bibi harusi. Dereva alimpa Mama mkono apande mbele. "Karibu, mama diwani!"

"Ahsante, mwanangu. Bosi wako ana moyo."

Viti vitatu vilikuwa vimepangwa kwenye uwanja wa shule, mbele ya darasa la kwanza, karibu na ukuta kiasi kwamba goti lingeweza kuugusa. Mama alipewa cha kushoto, Baba Mkubwa cha katikati, Sista cha kulia. Baba Mkubwa alivaa suti mpya ya kijivu. Alimsalimia Mama kwa kuinama, tabasamu limemjaa usoni, na nilipoliona lile tabasamu nilitamani ardhi inimeze. Kabla hajakaa, Mama alinishika kiwiko.

"Wewe simama nyuma yangu kabisa. Nikifanya lolote, fanya. Usiangalie nyuma."

Msimamizi wa uchaguzi, mwalimu mstaafu mwenye filimbi shingoni, alisoma kanuni kwa kipaza sauti. Wagombea wakaupa uwanja mgongo. Mistari ikaanza.

Wa katikati ulikuwa mrefu mno. Wetu na wa Sista ililingana karibu sawasawa, mifupi yote miwili, kama mikono ya mtoto aliyevaa koti la baba yake. Matusi ya utani yakaanza kuruka.

"Sista, wagonjwa wako wamezidiwa? Mbona hawaji?"

"Wenzetu wameharibikiwa na lori!" mwanamke mmoja wa Sista alijibu, na waliojua wakaguna.

"Fundi! Mstari wako umepinda, upige pasi!"

"Wenu umenyooka kwa sababu umemwagiwa saruji!" Mpiga Pasi alijibu kutoka nyuma yangu, sauti yake ikanitetemesha mgongo.

Baba Mkubwa alikuwa anatikisa kichwa mbele ya ukuta, akifurahia. Alikunja mguu juu ya mguu.

Msimamizi akashika filimbi.

Mama akainua mkono. "Msimamizi, najitoa."

Msimamizi akavua miwani. "Sasa hivi, mama?"

"Umepuliza filimbi?"

"Bado."

"Basi najitoa."

Mguu wa Baba Mkubwa ulishuka chini. Hakugeuka, kanuni alikuwa anaijua. Mama alisimama, akanyoosha gauni, akaanza kutembea kuelekea kulia, na njiani, nyuma ya kiti cha katikati, akasimama. Nadhani Baba Mkubwa alizisikia nyayo zilivyokoma, kwa sababu mabega yake yalilegea. Alicheka kidogo na ukuta.

"Karibu nyumbani, shemeji," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Damu ni damu."

Mama akaweka mkono kwenye bega la ile suti, akalipapasa kama fundi anavyopapasa kazi ya fundi mwingine. Akabana kitu kwa kucha mbili, akavuta. Ukatoka uzi mweupe mrefu.

"Wamekusahaulia bandi, shemeji."

Watu wa mbele kwenye mstari wake mwenyewe walicheka, wakajiziba midomo. Mama akaudondosha uzi chini, akaendelea na safari, akasimama nyuma ya Sista.

Ikawa zamu yangu.

Sijui kama kuna mtu anayeelewa uwanja mzima unavyokuwa mzito ukikuangalia. Nyuma yangu hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wanasubiri wa kwanza, na wa kwanza nilikuwa mimi, ambaye hata dukani naacha wengine wahudumiwe mbele yangu. Nikautazama mgongo wa Mama kule alikosimama. Kisha nikatazama shingo ya Baba Mkubwa, nene, imenyolewa vizuri, imetulia. Nikaikumbuka mvua.

Nikatoka. Nilipita nyuma ya kiti chake karibu kiasi cha kunusa manukato, na sikuangalia nyuma. Kwa muda nilisikia viatu vyangu peke yake. Halafu Mpiga Pasi akakohoa.

"Haya, twendeni. Au mnasubiri lori?"

Wakaja. Nyayo zile zilikuwa kama mvua inavyoanza juu ya bati, tone moja, matone, kisha yote. Baba Mkubwa alizisikia zinakuja upande wake na akainua mkono juu, kiganja wazi, akaushukuru ukuta. Nyayo zikampita. Mkono ukabaki juu. Zikaendelea kumpita, na kuishia upande wa kulia, na mkono ukashuka taratibu kwenye goti.

"Wanakwenda wapi?" aliuliza.

Nyayo zikazidi kumpita.

"Nauliza wanakwenda wapi!" Shingo ikaanza kugeuka.

"Mgombea," msimamizi alisema, "ukigeuka, unaondolewa."

Hapo ndipo nilipoiona ile ndoto yangu mchana kweupe. Alikaa palepale, pua karibu na ukuta, jasho likitengeneza njia kwenye shingo, anasikia kila kitu na haoni chochote. Na mwishoni mwa mstari wake, huko mbali ambako macho ya wapambe wake hayakufika, niliona wawili watatu wakijivuta, kisha familia nzima, wakivuka kama watu wanaokwenda kujisaidia.

Filimbi ikalia. Hesabu ilichukua muda, ikarudiwa kwa sababu mawakala wake walipiga kelele. Sista alishinda kwa tofauti ya watu ambao wangeweza kukaa kwenye kibaraza chetu, wakibanana.

Baba Mkubwa aliruhusiwa kugeuka. Aliangalia mstari mmoja, kisha mwingine. "Hii siyo halali!"

"Kanuni ni yako, mzee," msimamizi alisema, akakunja karatasi.

Watu walimbeba Sista juu juu. Baba Mkubwa alirudi kukaa, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Wanafunzi wakubwa walikuwa wanakusanya viti kurudisha darasani, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia. Mama alimwendea. Alisimama mbele yake, kati yake na ukuta, ili amtazame vizuri.

"Shemeji, pisha," alisema kwa upole. "Kuna watu wana kazi."

Aliyakumbuka yale maneno. Nilimwona anayakumbuka. Akasimama.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, lori lilikuwa limeharibika. Njiani Mpiga Pasi hakuweza kuvumilia.

"Ungejitoa tangu juzi, mama, tungelala vizuri!"

"Ningejitoa juzi, jana angezunguka nyumba kwa nyumba na mifuko ya saruji. Yule ukimpa siku moja, hakosi cha kumpa mtu." Alitembea kidogo. "Na juzi nisingemwona shingo."

"Na udiwani?" nilimuuliza.

"Mimi nilikuwa bandi tu. Nilikuwa nimewashikiza watu. Sista sasa ashone." Kisha uso wake ukawa mdogo, wa mtu aliyechoka. "Nilitaka nimshinde mimi, mwanangu. Mimi mwenyewe."

"Sista hakumtoa uzi begani."

Alifikiri. Halafu akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu Baba yupo, akalazimika kushika ukuta wa nyumba ya watu.

Asubuhi yake aliniomba nimsaidie kuigeuza cherehani kubwa. Ni nzito, chuma kitupu. Tuliiburuza mpaka akawa ametazama barabara, na ile milango ya bluu, ana kwa ana. Kutu hakuisugua. "Hiyo iache," alisema.

Tangu hapo Baba Mkubwa anapita njia ya nyuma. Lakini stoo ni stoo, lazima aifungue. Jumatano nilimwona ametoka, amejibanza kati ya mlango na lori, anangoja Mama ainame kwenye kitambaa ili avuke mpaka kwenye gari lake. Alionekana mzee. Moyo wangu, ninavyoujua, ulianza kulainika.

Nikasimama juu ya benchi la wateja.

"Shikamoo, Baba Mkubwa!"

Wauza mboga waligeuka. Mwendesha baiskeli alisimama. Mama aliinua kichwa, pini mdomoni, akatazama moja kwa moja ng'ambo.

Baba Mkubwa alifungua mdomo, ukatoka upepo.

"Sikusikia, Baba Mkubwa!" nilisema. "Sema kwa sauti!"